Maji ya Ngama: Historia Fupi ya Kutafuta Hitilafu, Kutoka Mtepe wa Wabajuni hadi Kompyuta ya Nyumbani

Methali yetu yasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ambayo kila mwalimu wa Kiswahili ameifundisha, na kila mwanafunzi ameiandikia insha. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo methali hiyo hailisemi. Yatuamuru kuziba ufa, lakini haituelezi namna ya kuutafuta. Nyumba ya udongo huonyesha ufa wake mchana kweupe. Lakini viko vyombo ambavyo ufa wake haukai pale madhara yanapoonekana. Chombo cha baharini ni kimojawapo. Kompyuta ni kingine.

Katika makala haya tutaitazama historia ya kutafuta hitilafu katika vyombo hivyo viwili, kwa kuwafuata watu wa pwani moja, yaani Wabajuni wa Kismayu na wa visiwa vilivyo kusini mwake. Tumewachagua kwa sababu mbili. Kwanza, watu hawa walisifika kwa kuunda na kutengeneza mtepe, chombo ambacho hakikuweza kusafiri bila ya mtu mwenye kujua kutafuta uvujaji. Pili, kompyuta ya nyumbani ilienea ulimwenguni katika miaka ile ile ambamo watu hao walitawanywa na vita, na leo kumbukumbu nyingi za lugha yao zimo ndani ya mashine hizo. Kwa hiyo hitilafu ndogo, ikitambuliwa vibaya, yaweza kupoteza kitu ambacho hakitapatikana tena.

Chombo kilichoshonwa

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga kando ya pwani ya Somalia kuanzia karibu na Kismayu hadi Rasi Kiamboni, penye mpaka wa Kenya. Vinavyotajwa zaidi kwa makazi ya watu ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Upande wa Kenya, ndugu zao wanaishi katika visiwa vya Lamu, hasa katika sehemu za Faza na Kiwayu. Lugha yao, Kibajuni au Kitikuu, ni mojawapo ya lahaja za kaskazini za Kiswahili. Mbele yake, kwa mwenye kwenda kaskazini, imebaki Chimwiini ya Barawa peke yake.

Mtepe ulikuwa chombo kisichokuwa na misumari ya chuma. Mbao zake zilitobolewa matundu kandokando, kisha zikashonwa kwa kamba za kumbi la nazi, na tanga lake la pembe nne lilikuwa la mkeka. Desturi ya kushona vyombo katika pwani ya Afrika Mashariki ni ya zamani sana, kwani hata ule mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza, uitwao Periplus, wavitaja vyombo vya namna hiyo. Mwaka 1941 mtaalamu Mwingereza James Hornell alichapisha maelezo marefu juu ya mtepe na dau la Lamu, wakati ambapo mitepe ilikuwa imekwisha kuwa adimu. Kufikia katikati ya karne ya 20 ilikuwa imetoweka baharini. Wasafiri wa baadaye waliotaka kujua umbo lake iliwabidi wautazame mfano uliowekwa katika majumba ya makumbusho.

Ushonaji huo ulikuwa na faida yake. Chombo kilichoshonwa hunyumbuka. Kikigonga mchanga hakivunjiki upesi kama kile kilichokazwa kwa misumari. Lakini faida hiyo ilikuja pamoja na dosari yake, kwani kamba hulegea, huoza na hukatika, na kila tundu ni mlango wa maji. Mtepe, kwa hiyo, ulikuwa chombo cha kuvuja daima. Baharia wake hakujiuliza kama chombo kinavuja, bali alijiuliza kinavuja wapi na kwa kiasi gani.

Hapa ndipo tunapolikuta lile neno tulilolitumia katika kichwa cha makala haya. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambamo maji yote yaliyoingia hukusanyika. Maji yanaweza kuingia kwa juu, karibu na omo, yakateremka kimyakimya nyuma ya mataruma na kutokea katika ngama, mbali kabisa na mahali yalipopenya. Mtu mgeni akiyaona maji pale atadhani kwamba ubao wa chini umetoboka. Fundi hakudanganyika. Alijua kwamba ngama huonyesha kiasi cha maji, haionyeshi njia yake. Maji yaonekanapo sipo yaingiapo.

Kutokana na maarifa hayo ulipatikana utaratibu wa kazi. Jambo la kwanza lilikuwa kufua maji kwa upo, ili shehena iokoke kabla ya mtu kuanza uchunguzi. La pili lilikuwa kuuliza: maji yaliongezeka lini? Baada ya kupakia mzigo? Baada ya kupinda tanga upande wa pili? Baada ya kugusa mwamba? La tatu lilikuwa kukipandisha chombo pwani wakati wa bamvua, na maji yakishakupwa kukagua ubao kwa ubao, mshono kwa mshono, kwa jicho na kwa mkono. Ndipo ilipofuata kalafati katika nyufa na deheni chini ya chombo. Na mwisho kilirudishwa majini kujaribiwa, kwa sababu matengenezo yasiyojaribiwa ni dhana tu.

Tuangalie pia msamiati. Mkuku, taruma, omo, tezi, ngama, upo, kalafati, deheni, foromali, henza, demani: kila kiungo na kila dawa ilikuwa na jina, na majina hayo yalijulikana na wote chomboni, toka nahodha hadi kijana wa kufua maji. Kijana huyo aliweza kusema, hata usiku wa giza, kwamba maji yanapenya nyuma ya taruma fulani upande wa joshini. Bila ya majina hayo angeweza kusema jambo moja tu: chombo kinazama. Na kauli hiyo, ingawa ni ya kweli, haimsaidii mtu yeyote kukiokoa.

Mashine inakuja, watu wanatawanyika

Sasa tugeukie chombo cha pili. Katika masimulizi ya kompyuta kuna kisa mashuhuri cha tarehe 9 Septemba 1947. Mafundi wa mashine kubwa iliyoitwa Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitafuta sababu ya mashine yao kukosea. Baada ya uchunguzi walimkuta nondo amenaswa katika mojawapo ya swichi zake. Wakambandika katika daftari la kazi na kuandika kwamba mdudu halisi amepatikana. Neno mdudu kwa maana ya hitilafu lilikuwa limetumiwa na mafundi wa umeme tangu karne ya 19, na mzaha wao ulitokana na hilo. La muhimu kwetu ni kwamba kosa lilionekana katika hesabu, lakini chanzo chake kilikuwa mahali pengine kabisa, katika swichi moja miongoni mwa maelfu.

Afrika Mashariki nayo ina funzo lake. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu za serikali ilipohamishiwa katika mashine ilivurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Waliochunguza kisa hicho baadaye wametaja uhaba wa wataalamu wananchi, kutegemea mno wageni, na matayarisho hafifu ya kazi yenyewe. Kwa lugha ya mabaharia, maji yalionekana katika mashine, lakini yaliingilia katika mafunzo na mipango. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa na hatimaye kuondolewa, lakini nchi ilikuwa imepoteza miaka mingi ya kujifunza.

Mwaka 1981, tarehe 12 Agosti, kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake ya mtu binafsi, na mashine iliyokuwa ya wizara na benki ikaanza safari ya kwenda nyumbani. Mwezi wa Mei 1990 Microsoft ilitoa Windows 3.0, programu iliyomwezesha mtu asiye fundi kuiongoza mashine kwa kuelekeza mshale juu ya picha. Miezi minane tu baadaye, tarehe 26 Januari 1991, Siad Barre alikimbia Mogadishu na serikali kuu ya Somalia ikaanguka.

Basi tazama jinsi nyakati mbili zilivyokutana. Katika miaka ya 1990, walimwengu wengine walipokuwa wakinunua kompyuta ya kwanza na kujifunza tabia zake, Wabajuni wengi walikuwa majahazini wakikimbilia Lamu na Mombasa. Wengi walikaa katika kambi ya wakimbizi ya Jomvu, nje kidogo ya Mombasa, hadi ilipofungwa mwaka 1997. Baadhi walirudishwa visiwani; wengine walibaki Kenya; wengine wakaenda mbali hadi Ulaya na Marekani. Kompyuta waliikuta ugenini, katika maduka ya kulipia kwa saa au katika nyumba za jamaa, na mtu aliyewaeleza hitilafu zake aliwaeleza kwa Kiingereza. Watu waliokuwa na jina kwa kila mshono wa chombo walipewa chombo kipya kisicho na majina.

Neno moja kwa maradhi manne

Ni kweli kwamba juhudi za kuipa kompyuta Kiswahili zimefanywa. Mwezi wa Desemba 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makampuni makubwa nayo yakafuata kwa tafsiri zao. Tumepata faili, programu, hifadhi, kivinjari na tovuti. Tumepata kipanya na puku kwa kitu kimoja, kompyuta na tarakilishi kwa kingine. Tofauti hizo zimezua mijadala mingi miongoni mwetu, na si vibaya.

Lakini majina hayo karibu yote ni ya viungo na ya kazi. Majina ya maradhi hatujayashughulikia. Mtu wa kawaida, mashine yake ikimkataa, husema: kompyuta imekufa. Neno hilo hubeba maradhi manne yaliyo mbali mbali. Kuna kompyuta iliyozima, ambayo haina taa wala sauti ya feni. Hiyo hitilafu yake hutafutwa katika umeme. Kuna iliyolala, ambayo taa yake inawaka au kumetameta na inangoja kuguswa tu. Kuna iliyopofuka, ambayo feni yake yavuma na taa zawaka lakini kioo ni cheusi. Hiyo hutafutwa katika kioo, waya wake au vipande vya kumbukumbu. Na kuna iliyoganda, ambayo picha iko juu ya kioo lakini mshale hausogei wala herufi haziandikiki. Hiyo mara nyingi ni programu moja iliyokwama. Anayesema imekufa kwa yote manne ni sawa na yule kijana anayesema chombo kinazama.

Kuzima, kulala, kupofuka, kuganda: ni maneno yetu wenyewe, na mwanafunzi wa darasa la tano anayaelewa. Linalohitajika ni kuyapa mipaka na kuyafundisha.

Nyufa za pwani

Sasa tuone hitilafu zinazowapata watu wa pwani hiyo mara kwa mara, na mahali zinapoingilia.

Ya kwanza ni ya umeme. Tangu mwaka 1991 miji ya Somalia imetegemea kwa kiasi kikubwa jenereta za watu binafsi, na katika miaka ya karibuni umeme wa jua umeongezeka. Umeme wa jenereta ndogo hupanda na kushuka. Mashine inayojizima na kujiwasha yenyewe hudhaniwa kuwa mbovu, kumbe yaweza kuwa nzima na umeme ndio unaoyumba. Jaribio lake ni jepesi: ipelekwe kwa jirani mwenye umeme mwingine, au kama ni ya kubebeka, itumiwe kwa betri yake peke yake. Ikitulia, ufa hauko ndani yake.

Ya pili ni ya joto na vumbi. Mashine hufanya kazi nusu saa, kisha ikazima ghafla. Ikipumzika huwaka tena. Mwenyewe hulaumu umeme. Kumbe feni imezibwa na vumbi, joto limezidi, na mashine imejizima ili isiungue. Dawa yake ni brashi laini na subira.

Ya tatu ni ya chumvi, na watu wa visiwani wanaielewa kuliko watu wa bara. Hewa ya bahari hubeba chumvi na unyevu, ambavyo hula shaba ya viungio na kuacha ukoko wa kijani. Kiungio kilicholiwa hushika leo na kukataa kesho. Hitilafu ya namna hii huchosha kuliko zote kwa sababu huja na kwenda. Fundi huzima mashine, huchomoa umeme, hutoa vipande vya kumbukumbu, husafisha meno yake kwa kitambaa kikavu au spiriti, na kuvirudisha. Mara nyingi kompyuta iliyopofuka hupata kuona.

Ya nne ni ya saa, na ndiyo mfano bora wa maji ya ngama. Mtu afungua kivinjari, na kila tovuti inamkataa kwa onyo kwamba haiaminiki. Hulaumu intaneti, hulaumu virusi, pengine hulipa fedha mashine ipanguliwe yote. Laiti angetazama tarehe pembeni mwa kioo, angeona kwamba mashine yadhani iko miaka mingi nyuma. Katika mashine za zamani za jamii ya IBM mwaka huo ulikuwa 1980, ambao ndio mwanzo wa kalenda yao. Tovuti hutoa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mashine inayoishi katika mwaka wa zamani huviona vyote kuwa batili. Chanzo ni betri ndogo mfano wa kifungo, iliyo ndani, inayoitunza saa wakati mashine imezimwa. Imekwisha nguvu. Kitu cha bei ndogo kimeufunga ulimwengu mzima.

Ya tano ni ya virusi. Kimojawapo cha virusi vya kwanza vya kompyuta za IBM, kilichoitwa Brain, kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kikasafiri kwa diski kutoka mkono hadi mkono. Palipokuwa na intaneti hafifu, virusi viliendelea kusafiri hivyo, kwa flashi zinazoazimwa. Wengi wameona flashi ambayo mafolda yake yote yamegeuka vishale visivyofunguka. Huamini kwamba kila kitu kimepotea, kisha huifuta flashi ili waanze upya. Aghalabu mafaili hayakupotea, bali kirusi kiliyaficha na kuweka vishale mahali pake. Kinachoyapoteza kweli ni kule kufuta. Hapo ndipo tunapokumbuka sharti la kwanza la mabaharia: okoa shehena kabla ya kugusa ufa.

Ufa ulio nje ya nyumba

Historia ya pwani hii yatuonyesha pia kwamba pengine ufa hauko nyumbani kabisa. Tarehe 7 Novemba 2001 serikali ya Marekani ilizuia mali za shirika la Al-Barakaat, lililokuwa likipeleka fedha na kuendesha simu nchini Somalia, na kampuni ya intaneti iliyohusiana nalo ikafunga kazi. Watu waliwasha kompyuta zilizokuwa nzima wakakuta haziwafikishi popote. Mwanzoni mwa mwaka 2014 Al-Shabaab walitoa amri ya kupiga marufuku intaneti ya simu za mkononi, nayo ikakatwa katika sehemu kadhaa za kusini. Mwezi wa Juni 2017 meli ya mizigo iliukata waya wa intaneti uliolazwa chini ya bahari na kuingia Mogadishu, na huduma ikakosekana kwa muda wa zaidi ya wiki tatu.

Katika siku kama hizo mwenye mashine huizima na kuiwasha mara kumi, kisha huanza kubadili mipango yake ya ndani, na mwisho huleta hitilafu ya kweli mahali ambapo haikuwapo. Swali la fundi mwenye busara ni moja tu: je, na jirani pia? Mabaharia waliulizana hivyo hivyo. Kikilemewa chombo kimoja, tazama chombo. Vikilemewa vyote, tazama bahari.

Faili lililo Chula na lililo Tula

Imebaki hitilafu moja inayowahusu walimu wa lugha kuliko mafundi, nayo ni ya tahajia. Kibajuni hutumia sauti ch katika maneno mengi ambayo lahaja nyingine zina t. Kwa hiyo kisiwa kimoja huandikwa Chula na pia Tula. Kingine Chovai na pia Tovai. Mji wenyewe huandikwa Kismayu au Kisimayu kwa Kiswahili, Kismaayo kwa Kisomali, Chisimaio kwa Kitaliano na Kismayo kwa Kiingereza. Majina hayo yote yana historia. Mji huu na Jubaland yote vilikuwa chini ya Waingereza hadi mwaka 1925 vilipokabidhiwa kwa Italia, na maandishi rasmi ya Kisomali kwa herufi za Kilatini yalianza mwaka 1972.

Binadamu asikiaye Chula na Tula hutambua kisiwa kimoja. Kompyuta huona maneno mawili. Mtu aliyehifadhi sauti ya nyanya yake kwa jina la Tovai, akaitafuta mwaka wa pili kwa jina la Chovai, ataambiwa kwamba hakuna. Mashine haikuharibika na faili halikupotea, lakini kwa mwenyewe ni sawa na limepotea, na huenda akaifuta diski akidhani ni tupu. Dawa yake haiuzwi dukani. Ni desturi ya kuandika majina yote mawili katika jina la faili, pamoja na mwaka na mahali. Kazi hiyo ni ya mwalimu, kwani ndiye anayejua lahaja zote mbili.

Kwa nini jambo hili ni zito

Huenda msomaji akasema: mashine ni mashine, ikiharibika hununuliwa nyingine. Kwa barua za biashara ni kweli. Lakini kwa watu wa visiwa hivi mambo ni tofauti. Kijiji kilichotawanyika hakina tena baraza ambalo watoto husikiliza wazee. Sauti ya mzee aeleze namna ya kushona chombo, majina ya miamba, nyimbo za harusi, nasaba za koo: mambo haya leo yamo katika simu na kompyuta za wajukuu walio Mombasa, London na kwingineko. Wataalamu nao wamefanya sehemu yao. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alichapisha kitabu kikubwa juu ya wavuvi hawa mwaka 1955, na Derek Nurse, aliyefundisha isimu katika Chuo Kikuu cha Memorial, Kanada, aliikusanya kazi yake juu ya Kibajuni na kuiweka katika intaneti. Lakini kitabu na orodha ya maneno havitoshi mahali pa sauti.

Tena kumbukumbu hizi zimekuwa na uzito hata mbele ya sheria. Mwaka 2010 mahakama ya rufani za uhamiaji ya Uingereza ilitoa uamuzi katika shauri la mwombaji wa hifadhi aliyedai kuwa Mbajuni, ambamo uchambuzi wa matamshi yake ulikuwa hoja kubwa. Mahali ambapo asili ya mtu hupimwa kwa namna anavyosema, kumbukumbu ya jinsi watu wa Chula na Koyama walivyosema kweli si pambo la maktaba. Ni ushahidi. Na ushahidi huo waweza kufutwa na mjukuu mwema anayedhani anatibu virusi.

Hapana budi basi walimu wa Kiswahili tuione kazi hii kuwa yetu. Tusingoje istilahi kubwa kubwa kutoka mbali. Tuanze na maradhi, kwa maneno yaliyopo. Tuwafundishe wanafunzi kusema kwa usahihi kilichotokea, kilitokea lini, na baada ya kitendo gani. Tuwafundishe kubadili jambo moja kwa wakati mmoja, ili dawa iliyoponya ijulikane. Tuwafundishe kwamba diski inayotoa mlio wa kugongagonga ni mgonjwa mahututi: mashine izimwe mara moja, wala isiwashwe tena kwa kujaribujaribu, bali apelekewe mtu mwenye ujuzi. Tuwafundishe kuweka nakala tatu za kila kilicho cha thamani, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba, kwa jamaa wa mji mwingine ikiwezekana. Na kila mwalimu aliye karibu na wazee wa Kibajuni ayaandike maneno yao ya uvujaji na matengenezo ya vyombo kabla hayajasahauliwa, kwa sababu lugha iliyoweza kueleza maradhi ya mtepe haitashindwa kueleza maradhi ya kompyuta.

Mtepe umekwisha, na hautarudi kubeba boriti wala nafaka. Lakini yule fundi aliyeinama juu ya ngama, akayatazama maji, kisha akageuka na kwenda kutafuta kwingine, bado ana la kutufundisha. Alijizuia kulaumu ubao wa kwanza aliouona umelowa.